Mguu wa Kushoto Ndani ya Chumba cha Afande

Yule mwanaume anayeonekana kwenye kioo cha kabati, dakika ya hamsini na moja ya filamu, daftari kifuani, kalamu sikioni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mguu mmoja umeshaingia kwenye chumba cha kulala cha mke wa mtu, ni mimi. Na aliyesimama katikati ya ukumbi akapiga kelele mpaka watu wote wakamwona, ni mimi vilevile. Nayasema mapema yaishe, maana huku kwetu Segerea siku hizi hata mkate sinunui bila kuulizwa kama nimeshafuta machozi, na bora myasikie kwangu kwa mpangilio wake kuliko kuyasikia dukani, ambako kwa habari za juzi nilikuwa nimejificha chini ya kitanda. (Sikuwa chini ya kitanda. Picha yenyewe inaonyesha nimesimama.)

Kazi yangu ni kusoma. Kuna kiwanda kidogo cha uchapaji kule Kiwalani, na kila kitu kabla hakijachapwa kinapita mezani kwangu: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, ratiba za mazishi. Nikikuta Februari ina siku thelathini nairudisha. Nikikuta bwana harusi ana jina moja juu ya kadi na jina jingine ndani, naipigia simu familia. Miaka kumi na miwili ya kazi hiyo imeniharibu macho kwa namna yake, siwezi tena kukiangalia kitu nikakiona kizima, macho yanakimbilia palipokosewa kwanza.

Sasa mtu wa hivyo mpeleke kwenye filamu. Kwenye banda la video nilikuwaga naona marehemu anapumua. Naona jeneza la mtu mnene linabebwa na vijana wawili wanaopiga hatua kama wamebeba tenga tupu la mkaa. Naona mgonjwa mahututi dripu imebandikwa juu ya mkono wa shati, mzee wa enzi za vita vya mababu amefika na alama nyeupe ya saa kwenye kifundo cha mkono, tajiri anaongea na simu na ile simu inaita hukohuko sikioni, jeraha la mguu wa kulia limehamia wa kushoto baada ya mtu kuvuka mto. Nikiona, nasimama, nasema. Vijana wakanipa jina la VAR, kwa kile chombo cha marefa cha kurudia picha, na jina langu la Erasto likabaki kwenye kitambulisho.

Watu walidhani nadharau. Sikuwa nadharau hata kidogo. Mie kila kosa lilinishangaza kwa furaha, kwa sababu ndipo unapoona kwamba nyuma ya hadithi kuna watu, kuna aliyesahau kuvua saa, kuna aliyekunywa soda ya kwenye meza wakati wa mapumziko, kuna jogoo wa jirani aliyewika katikati ya maneno ya mapenzi na mwigizaji akaendelea tu kana kwamba jogoo hayupo. Nilikuwa narudi nyumbani nimejaa.

Jirani yangu Mwalimu Rehema anafundisha sekondari, na likizo zake anatengeneza filamu. Ya kwanza alituonyesha uani kwake, nikamhesabia makosa kumi na tisa mbele ya wageni. Hakununa. Aliniletea stuli, akasema, "Kaka Erasto, mdomo unao. Filamu ijayo njoo ufanye nao kazi."

Ndivyo nilivyopewa daftari. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kitu kilivyo kabla kamera haijazimwa, ili siku ya pili kiwe vilevile: kilemba kimefungwa upande gani, chai imebaki kiasi gani kikombeni, mlango uko wazi au umerudishwa. Likizo nne tulifanya kazi hiyo, na kwa daftari lile sikuwahi kuwa na raha kama ile maishani mwangu. Mpiga picha alikuwa Zuhura, dada anayepiga video za harusi. Mwigizaji mkuu alikuwa Salome, mama muuza vitumbua wa Kiwalani, aliyeigiza mama mkwe mkorofi.

Nyumba ya kwenye hadithi ilikuwa ya Afande Komba, hapahapa Segerea. Afande ni mtu wa Songea, mstaafu wa magereza, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa kuhesabu watu na kuhakikisha idadi ya jioni ni ileile ya asubuhi. Akiingia msibani anahesabu viti. Alimpa Rehema sebule, jiko na uani, akasema maneno mawili tu: "Chumbani hapana." Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa sababu kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimekubali kuionyesha filamu yetu, kwa sharti kwamba kila mwenye nyumba iliyotumika asaini karatasi ya ruhusa. Afande alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. "Nitasaini nikishaiona," alisema. Bila sahihi ile, likizo nne za Mwalimu Rehema ni bure.

Kulikuwa na tukio moja la chumbani. Mama mkwe ameshamfukuza mkamwana, nyumba imekuwa kimya, anaingia chumbani, anafungua kabati, anakuta khanga za yule binti zimekunjwa vizuri, amemwachia. Hapo analia. Filamu nzima imesimama juu ya kile kilio. Chumba tuliahidiwa kwa shangazi yake Rehema, asubuhi ya siku yenyewe shangazi akapiga simu, wamefika wageni kutoka Mbeya na mgonjwa, chumba hakuna. Salome kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Mtwara kwa binti yake aliyekaribia kujifungua. Na Afande, kwa bahati niliyoiona nzuri wakati ule, alikuwa Songea kwenye kikao cha ukoo.

Mkewe, Mama Stella, alitusikiliza akiwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mtatumia changu," akasema. "Lakini shuka zangu zisionwe na dunia. Mje na shuka zenu, mje na mapazia yenu. Na mwanaume asiingie. Fundi umeme mwenyewe humsubiri Afande arudi."

"Na Afande, mama?" Rehema akauliza.

"Afande nitamwambia mwenyewe, kwa wakati wangu."

Tukabadilisha mapazia, tukabadilisha shuka, tukapindua kitanda kikaangalia upande mwingine. Kitu pekee kilichotushinda ni kabati, lile la mninga la zamani lenye kioo kirefu mlangoni, watu sita hawalisogezi. Wakaingia wanawake watatu, Rehema, Zuhura na Salome, na mie nikawekwa koridoni, nje ya mlango, kazi yangu niifanye kwa kunong'ona.

Na hapa niseme ukweli. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Yule mwanamke niliyenunua kwake vitumbua vinne asubuhi, aliyenidai chenji kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, alishika ile khanga ya juu, akainusa, akaacha kupumua. Hakuna kitunguu, hakuna dawa ya kupaka machoni, hakuna mtu aliyemwambia lia. Chozi likatoka jicho moja tu, likasimama kwenye shavu kama linafikiria, kisha likateremka. Nilikuwa nimeshaona mamia ya watu wakilia kwenye filamu na kila mara niliona namna walivyofanya. Safari hii nilitafuta namna na sikuiona.

Wakati huohuo jicho langu la kazini likaniambia: glasi. Glasi ya maji kando ya kitanda ilikuwa nusu, mbona sasa kama imejaa? Ningeweza kunong'ona. Ningeweza kusubiri. Niliamua kupiga hatua moja, moja tu, nione vizuri (nilijiambia ni kwa ajili ya glasi, na mpaka leo sina hakika kama ilikuwa kwa ajili ya glasi). Nikaiona, ni nusu, mwanga wa dirisha ndio ulionidanganya. Nikarudi. Hatua kwenda, hatua kurudi, hakuna aliyegeuka.

Nisichokifikiria ni kwamba Salome alikuwa ameuacha mlango wa kabati wazi, na kioo kilichokuwa kinaangalia dirisha sasa kilikuwa kinaangalia mlangoni.

Kabla ya kuitoa, filamu ile niliikagua mara kumi na moja. Nina tarehe zote daftarini. Mara kumi na moja nilipita dakika ya hamsini na moja, na mara zote kumi na moja niliangalia chozi.

Siku ya kuionyesha ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa sherehe kule Kiwalani. Madirisha tuliyaziba kwa mikeka, shuka kubwa nyeupe ukutani, Zuhura na kompyuta yake kwenye meza katikati. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya spika. Afande na Mama Stella viti vya mbele, Afande kavaa suti ya kijivu, na niliiona ile karatasi imechungulia kwenye mfuko wa koti. Tulimwekea na kalamu.

Rehema akashika kipaza sauti, na kwa mapenzi yake tu (simlaumu) akasema, "Filamu hii haina kosa. Ameikagua VAR wetu. Atakayeona kosa asimame, soda yake baridi iko pale."

Hapo alikuwa amewasha moto. Dakika ya tano tu mtu kasimama, "VAR! Hereni imebadilika!" Nikasimama na daftari, "Hapana, alizivua jikoni, dakika ya tatu, angalieni wenyewe." Makofi. "VAR! Kivuli cha kamera!" "Hapana, huo mti wa mpera." Makofi tena. "VAR, yule kuku si alishachinjwa?" "Ni mwenzake, huyu ana mkia mweusi." Ukumbi unacheka, mie kichwa kinakua, kila nikisimama nasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko mara iliyopita. Niliona hata Afande anatikisa kichwa kwa kuridhika, mtu wa hesabu kamwona mtu wa hesabu mwenzake.

Ikafika dakika ya hamsini na moja. Salome kwenye ukuta, mkubwa kama nyumba, anainusa ile khanga, na wanawake upande wa kulia wameshaanza kupenga kamasi. Mie chozi lile nilikuwa nimeshalijua kwa moyo. Kwa mara ya kwanza nikaliacha. Nikaangalia pembeni.

Nikaona mtu.

Sikufikiri. Ndugu zangu, naapa sikufikiri, mwili wenyewe ulisimama kama unavyosimama banda la video, mkono juu, sauti yote niliyonayo: "Simamisha! Kuna mtu kwenye kioo!"

Zuhura akasimamisha. Akarudisha nyuma kidogo. Akasimamisha tena.

Ukuta mzima ukawa mimi. Mdomo wazi, kalamu sikioni, daftari nimelikumbatia kifuani kama mtoto wa kliniki, na machozi, machozi ambayo sikuwahi kujua kwamba niliyatoa. Nilijiangalia na sikumfahamu yule mtu, nilimwonea huruma nikidhani kafiwa.

Kisha sauti ya mama mmoja nyuma: "Jamani, VAR mwenyewe huyo! Na analia!"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka spika moja ikaanguka. "Mpeni soda yake!" "VAR, hiyo ni penati au siyo?" "Kaka, nani kakufukuza kwenu?" Mtu akaileta kweli ile soda, akaniwekea mkononi, nikaishika. Na bado ningepona, maana kuchekwa nimezoea. Lakini pale mbele suti ya kijivu ilikuwa imesimama.

Afande alitembea mpaka ukutani. Akainua kidole akagusa pembe ya chini ya kioo, palipokuwa na ufa umebandikwa gundi ya karatasi, wenyewe mdogo usingeuona.

"Gundi hii nimebandika mimi," akasema. Hakupaza sauti, lakini vicheko vilikwisha kimoja kimoja. "Hili ni kabati langu." Akageuka kuangalia kitanda, mapazia, dirisha. "Hiki ni chumba changu."

Tangu mwanzo wa tukio lile alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwenye chumba chake mwenyewe na hakukitambua. Tulifanya kazi yetu vizuri kiasi hicho. Mimi na mdomo wangu ndio tuliomwonyesha.

"Mama Stella," akasema, "huyu aliingia lini?"

"Hakuingia," Mama Stella akajibu, bado amekaa, mkoba mapajani. "Alichungulia."

Afande akainama, akaangalia chini kabisa ya picha kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama wa ibada nzima. "Mguu wa kushoto umevuka kizingiti," akasema. "Na viatu hakuvua."

Akachukua kofia yake akatoka, na karatasi imo mfukoni. Mama Stella akamfuata, na alipopita kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Wakati wangu ulikuwa haujafika, mwanangu." Rehema alikaa kwenye ngazi ya jukwaa akiangalia mikono yake, na Zuhura akaendelea kuionyesha filamu mpaka mwisho kwa sababu watu walikuwa wamekaa tu wanasubiri. Wakaja wakalia tena mwishoni, kwa kweli, kana kwamba mimi sikutokea. Hilo nalo lilinishangaza.

Kesho yake jioni baada ya kazi nilikwenda kuomba radhi. Nilisimama mlangoni.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Viatu."

Nikavua. Akanikalisha sebuleni. Zuhura alikuwa amemletea filamu kwenye flashi, kwa agizo lake mwenyewe, na ilikuwa inaonekana kwenye televisheni bila sauti. Karatasi ilikuwa juu ya meza, chini ya redio. Nikaanza yale maneno niliyoyapanga njiani, kwamba kosa ni langu, mama hana kosa, Mwalimu hana kosa. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Mguu wako haunisumbui," akasema. "Nimelala chumba kile miaka ishirini na sita. Nilikuwa naweza kukwambia usiku wa giza nani hayupo kitandani kwake kati ya watu mia. Jana nimekaa pale mbele nikamwonea huruma yule mama nikasema, maskini, chumba kizuri, sijui ni cha nani." Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Mliniibia macho, wewe na mke wangu na yule Mwalimu."

Kutoka jikoni Mama Stella akasema, "Usimtishe mtoto wa watu, baba Stella. Chai inapoa."

"Simtishi. Namwambia." Kisha akaisimamisha televisheni, akavaa miwani, na nikaona kitu usoni kwake ambacho nakijua vizuri, kwa sababu huwa nakiona kwenye kioo changu mwenyewe asubuhi za kazi. "Nimeiangalia mara nne," akasema. "Kuna kosa jingine mle ndani. Kubwa kuliko wewe. Watu mia mbili jana hawakuliona, na wewe na daftari lako hukuliona. Ukiniletea hilo, nasaini hapohapo."

"Liko wapi, Afande?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza mimi."

Tangu siku ile nimejiwekea sharti, na mbele yenu nalirudia: sisimami tena kwenye filamu ya mtu. Nikiona kosa naliandika, nalikunja, natia mfukoni, na mwenyewe nitamnong'oneza akiwa peke yake, na kabla ya kunong'ona nitajiuliza nilikuwa nimesimama wapi. Kama ningejifunza hilo mapema, Mwalimu Rehema sasa hivi asingekuwa anapigiwa simu kila asubuhi na watu wa kituo wakiulizia karatasi moja iliyobaki. Wanaitaka Ijumaa.

Nimeirudia filamu mara tisa. Rehema ameirudia. Zuhura ameipunguza mwendo akaipitia picha moja baada ya nyingine mpaka macho yakamvimba, na Salome kutoka Mtwara ameombwa akumbuke chochote (binti yake amejifungua salama, wa kike). Mama Stella ameshaambiwa lilipo. Ninajua, kwa sababu nilimkuta sokoni nikamwomba, akacheka mpaka akashika meza ya nyanya, akasema ameahidi hasemi.

Jana, Jumanne ya wiki ya pili, nilimpelekea Afande makosa saba mapya, nimeyaandika kwa mpangilio na dakika zake: kola ya shati, kamba ya nguo iliyoongezeka uani, ndoo iliyobadilika rangi, na mengine manne ambayo naona aibu kuwa sikuyaona siku zote. Aliyasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Akachukua kalamu akaweka alama ya vema kwenye la kwanza, la pili, mpaka la saba. Akanirudishia daftari.

"Ni kweli yote," akasema. "Lakini silo."